Mistari ya Bure

Dada yangu ndiye aliyegundua kwamba hewa imesimama.

Wakati huo alikuwa akiwapikia wachimbaji kwenye kilima kimoja upande wa Busawe, mahali ambapo msimu mmoja palikuwa shamba la mihogo na msimu uliofuata pakawa mji wa maturubai, jenereta na watu waliosikia habari ya dhahabu kutoka mbali. Jiko lake lilikuwa karibu na duara la mume wake. Duara ndivyo wachimbaji wanavyoita shimo la dhahabu, ingawa sijawahi kuona hata moja la mviringo. Yote ni ya mraba, na nimeyatazama mara mbili. Mdomoni mwa duara hilo, juu ya meza, ilikaa mashine niliyoiunganisha mwenyewe: kompyuta ndogo isiyozidi kiganja, kioo cha kuonyesha namba, na waya mrefu ulioteremka shimoni ukiwa na kihisi mwishoni.

Kazi ya kihisi ni kunusa. Hewa njema ina oksijeni karibu sehemu ishirini na moja katika mia. Ikishuka chini ya kumi na tisa na nusu, mtu hapaswi kukaa humo. Ikizidi kushuka, mtu huanza kuongea pumba, na ikishuka tena haongei kabisa. Shimoni hakuna harufu wala moshi wa kukuonya. Unakaa chini kupumzika kidogo, basi. Kwa hiyo namba ilikuwa pale juu kwenye kioo, na aliyekuwa juu alitakiwa kuitazama kwa niaba ya aliye chini.

Dada akanipigia simu dukani kwangu Nkende, mjini Tarime.

"Wewe, hii mashine yako inasoma hewa ya leo au ya jana?"

"Ya sasa hivi."

"Toka nimeanza kuchambua maharage inasema ishirini nukta nane. Maharage yameiva, bado inasema ishirini nukta nane. Wamewasha pampu ya maji, wamezima, watu wameshuka, wamepanda. Hewa gani hiyo isiyobadilika? Hata mume wangu anabadilika."

Nikamwambia awatoe wote. Hakuuliza kwa nini. Nilisikia sauti yake ikiondoka kwenye simu na kuelekea shimoni, na Kikurya alichokitumia sitakiandika hapa. Walitoka wazima, wakilalamika kwamba mama maharage amewaharibia kazi.

Mimi ni mtu wa kuhesabu mara mbili. Nikinunua mita kumi za waya, napima kwa muuzaji, napima tena nyumbani, na kama mita zimebaki kumi nashangaa kidogo. Mtu wa namna hiyo anaogopa kitu kimoja kuliko vyote: namba inayodanganya kwa upole. Mashine iliyokufa hukuambia imekufa. Kioo kinazimika, unajua usishuke. Lakini hii ilikuwa imeganda, na juu ya kioo imebaki ile namba ya mwisho iliyokuwa nzuri, inang'aa kama kawaida, kama mtu aliyefariki akiwa anatabasamu.

Shemeji yangu akaja mjini siku ya pili na mashine ndani ya mfuko wa unga. Aliiweka mezani kwangu taratibu.

"Mura, sikia," akasema, kwa neno letu la Kikurya la kumwita kijana. "Wenzangu wa duara wamekubali kusimama mpaka Jumatatu. Jumatatu mtu anashuka, na zamu ya kwanza ni yangu. Na mashine au bila mashine."

"Bila mashine utajuaje hewa?"

"Tulikuwa tunajuaje zamani?"

Tuliwahi kukaa wote kwenye msiba mmoja wa jinsi watu walivyokuwa wakijua zamani.

Nikampigia binamu yangu. Ni binti wa shangazi aliyeolewa ng'ambo ya Sirari, upande wa Kenya. Mpaka ule kwetu ni kama uzio wa michongoma: upo, unaonekana, na kila mtu anajua pale anapopitia. Binamu anaandika programu Kisumu, zile za ndani kabisa zinazokaa chini ya programu tunazoziona. Mimi naunganisha na kuuza. Yeye anajua kwa nini kilichounganishwa kinafanya kazi. Alifika Ijumaa asubuhi na begi moja, akanywa chai, akavua viatu, akaketi nyuma ya kaunta yangu kana kwamba duka ni lake.

"Hiyo waya ya shimo huwa inachomoka?" akauliza.

"Kila mara. Ndoo ikipanda na mawe inaigonga, inachomoka mezani. Aliye juu anaichomeka tena."

"Sawa. Tuichomoe."

Akachomoa, akachomeka. Namba ikarudi vizuri. Akachomoa, akachomeka. Namba ikarudi. Nikaanza kuona tunapoteza muda. Tukanywa kikombe kingine, na alipomaliza akanisogezea kihisi mdomoni.

"Puliza."

Pumzi ya mtu imepungukiwa oksijeni, kwa hiyo ukipuliza kihisi namba lazima ishuke. Nikapuliza. Ishirini nukta nane. Nikapuliza mpaka masikio yakaziba. Ishirini nukta nane. Nilikuwa nimeketi dukani kwangu mchana kweupe, wateja wakipita na pikipiki zikipiga honi, na nikaona kwa macho yangu jinsi mtu anavyoweza kuishiwa hewa mbele ya mashine inayomwambia yuko salama.

"Iko," binamu akasema. "Ni draiva."

Kati ya mfumo endeshi wa kompyuta na kifaa kama kihisi hukaa programu ndogo ya kuwasikilizanisha, maana hawajui lugha moja. Hiyo ndiyo draiva. Hii yetu iliandikwa na mtu wa mbali tusiyemjua, kwa ajili ya kihisi kinachofanana na chetu, akaiweka huru kwa kila mtu, nasi tukaichukua.

Shemeji, ambaye alikuwa bado mjini, aliporudi kutoka kununua kamba nikampa habari njema.

"Tatizo limepatikana. Ni draiva."

"Dereva gani?"

"Wa kihisi."

"Mfukuzeni. Kwetu dereva akisinzia hatuitishi kikao."

Binamu alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Halafu akageuza kompyuta yake ili nione. Kioo kizima kilijaa maandishi, na mahali sita alikuwa amepaka rangi ya njano.

"Hizi laini sita ni za bure," akasema. "Natoa zote."

Nikaangalia. Kila mstari wa njano ulikuwa na neno la Kiingereza, free. Hilo nalijua vizuri. Huja limebandikwa kwenye sabuni: nunua mbili, ya tatu free. Limenilisha na limenila. Katika maisha yangu yote ya biashara sijawahi kumwona mtu mwenye akili zake akitupa vya free.

"Za bure unazitoa za nini? Zinakula nini?"

"Zinakula watu, binamu."

"Acha hata tatu."

"Hapa si sokoni."

"Mbili, basi. Ona, nimeshuka mwenyewe, hata hujanisukuma."

"Kwani unafikiri bure ni gani?"

Hapo ndipo tulipogundua kwamba tulikuwa tunapatana bei ya vitu viwili tofauti. Kiswahili kimeweka mambo mawili kwenye mfuko mmoja: kisicholipiwa ni bure, na kisicho na faida ni bure vilevile. Mfanyabiashara husikia la kwanza, fundi husikia la pili. Na neno lenyewe la kwenye kioo, akanieleza, halikuwa mojawapo. Pale lilikuwa na maana ya achia.

Nitaeleza kama alivyonieleza, maana nilimfanya arudie. Programu yoyote inahitaji mahali pa kuweka vitu vyake inapofanya kazi, na mahali hapo panaitwa kumbukumbu. Haina kumbukumbu yake yenyewe. Inaiomba kwa mfumo endeshi: nipe nafasi ya kuweka namba ya kihisi. Mfumo unaipa. Ikimaliza, inaachia, na mfumo unampa mwingine nafasi ileile. Hakuna nafasi inayolala.

Zamani draiva iliachia yenyewe kila ilichochukua. Ikisahau, nafasi ilibaki imeshikwa bila mwenyewe. Basi watu wakabuni utaratibu mwingine: draiva ikiomba kwa neno maalumu, mfumo unakifunga kile kitu kwenye kifaa chenyewe, na siku kifaa kikichomolewa mfumo unaachia kila kitu chake bila kuambiwa. Aliyeandika draiva yetu aliomba kwa utaratibu mpya. Lakini mkono wake ulikuwa na mazoea ya zamani, akaendelea kuachia na yeye.

"Kwa hiyo inaachiwa mara mbili," nikasema.

"Exactly."

"Ubaya uko wapi? Mimi mlango nikishafunga, narudi kuusukuma tena. Ndiyo maana sijaibiwa."

"Hizi tano hazina shida kubwa. Zinaachia kwa heshima, kupitia kwa mfumo, kwa hiyo mfumo unajua na haurudii. Ni kazi ya bure tu. Lakini hii ya sita," akaweka kidole, "inaachia kwa mlango wa nyuma, mfumo haujui. Nafasi inapewa mwenyeji mpya. Halafu mfumo nao unakuja na kuachia ileile mara ya pili. Ubaya uko hapo katikati. Ya kwanza na ya pili zikipishana, kati yake kuna mtu ameingia. Akiwa ndiye anayepeleka namba kwenye kioo, anakwama, na kioo kinabaki na namba ya zamani."

Shemeji alikuwa ameegemea mlango na soda yake. Akaishusha.

"Ngoja. Kumbe mnaongelea kuachia duara?"

Kilimani kwao ukiacha duara unafanya hivi: unasimama mdomoni, unawaambia majirani kwa sauti kwamba umeachia, unakunja kamba yako na ile roda inayoipitisha, unaondoka. Kuanzia hapo ni la atakayeingia.

"Kulikuwa na mtu na mdogo wake," shemeji akasema, "wana duara moja. Mdogo mtu akachoka. Asubuhi akatangaza, akakunja kamba, akaenda. Saa sita watu wengine watatu wakaingia, wakafunga kamba yao. Kaka mtu alikuwa Tarime, akapigiwa simu kwamba tunaachia. Hakuambiwa tumeshaachia. Akapanda pikipiki, akaja alasiri na roho safi kabisa. Akasimama, akatangaza kwa sauti, akaanza kukunja kamba."

"Na watu wako chini?"

"Wote watatu. Wanaona kamba inapanda yenyewe kama nyoka."

"Wakafanyaje?"

"Walitukana, shemeji. Walitukana mpaka walio juu wakavua kofia. Na yule bwana ameshika kamba ananung'unika, 'Lakini mimi naachia tu! Kosa langu liko wapi, mimi naachia tu!'"

Tulicheka, na binamu akafuta macho. Kisha kicheko kikatuishia mmoja mmoja, maana wote watatu tulifika mahali pamoja. Yule bwana hakuwa mwizi. Alikuwa mwaminifu kupita kiasi. Alitimiza wajibu uliokwisha kutimizwa, na kwa wajibu huo alikuwa anazika watu. Nikautazama ule mstari wa sita kwenye kioo. Ulikuwa mfupi kuliko jina langu. Aliyeuandika alikuwa na nia njema, labda alirudi kuusoma mara mbili kama ningefanya mimi, akalala akijua amefunga mlango.

Bado nilijaribu mara ya mwisho, maana biashara haina kukata tamaa.

"Basi muuaji ni mmoja. Mtoe huyo. Hao watano hawajamkosea mtu, waache wazeeke."

"Huyu mmoja alikuwa amejificha wapi?" binamu akaniuliza.

"Hapo kati."

"Kati ya nani?"

Jibu nililijua toka sokoni. Muuzaji anayetaka kukupitishia chaja mbovu haiweki peke yake mezani. Anaichanganya na nzima tano za rangi ileile, anakuachia ushike unayotaka. Kila aliyewahi kusoma draiva ile aliona mistari sita inayofanana, akasema sawa, akapita. Laiti ile mitano isingekuwepo, huyu wa sita angeonekana kama mbuzi kanisani.

Nikakubali sita. Ndiyo bei pekee niliyowahi kulipa kamili bila kupunguziwa.

Kabla hajafuta nikamwomba anionyeshe huo utaratibu mpya wenyewe, maana nilitaka kujua tunamwachia nani kazi. Akafungua sehemu ya mfumo ambayo mimi nilidhani ni siri ya kampuni fulani yenye walinzi mlangoni. Haikuwa siri. Mtu yeyote anaruhusiwa kuisoma, hata mimi, na soksi zangu zimetoboka, nyuma ya kaunta huko Nkende. Sikuelewa nusu yake. Lakini jambo moja nililielewa, na hilo lilinisimamisha.

Kifaa kinapoondoka, mfumo hauachii vitu vyake ovyo. Unaanzia kilichoombwa mwisho, unarudi nyuma kimoja kimoja, hadi kilichoombwa kwanza. Nikamuuliza kwa nini. Akasema kwa sababu cha mwisho kinaweza kuwa kinakiegemea cha kabla yake. Ukianza kukiondoa cha chini, cha juu kinabaki hewani.

Nikamwangalia shemeji. Alikuwa ameshaacha soda kabisa.

"Matimba," akasema kwa sauti ndogo.

Matimba ni magogo yanayoshikilia kuta za duara zisianguke. Unayaweka ukishuka: la kwanza mdomoni, la mwisho chini kabisa. Siku ya kuondoka, ukitaka kuokoa miti yako, unaanza kutoa la chini na kurudi nyuma ukipanda. Atoaye la juu kwanza hatoki. Hakuna shule inayofundisha hilo kilimani. Udongo ndio unaofundisha, na haurudii somo.

Mpaka leo naikumbuka dakika ile. Kulikuwa na watu mahali fulani duniani, wengi mno, waliokaa kwenye viti vyao wakapanga jinsi ya kurudisha vitu visivyoonekana. Kulikuwa na watu wa Busawe wenye tope magotini, wakitoa magogo ya mkaratusi. Hawakuwahi kusalimiana. Na wote wamefika kwenye mpangilio mmoja, wa mwisho kuwekwa awe wa kwanza kutoka, kana kwamba uzito wa ulimwengu ni mmoja na umewafundisha wote. Mimi ni mtu wa kudai risiti, sishangai kirahisi. Pale nilishangaa, na sikutafuta pa kupunguza.

Binamu akafuta. Mistari sita ikaondoka, na pamoja nayo mistari mingine iliyokuwa ikiuliza kama kitu kipo kabla ya kukiachia, maana sasa hapakuwa na wa kuulizwa. Draiva ikawa fupi. Nilitegemea kuona kitu kikiongezwa, angalau neno moja la ulinzi. Hakuna kilichoongezwa.

"Ndiyo imekwisha?"

"Imekwisha."

"Kazi ya kufuta tu umekuja nayo kutoka Kisumu?"

"Kufuta ni rahisi. Kujua cha kufuta ndiyo nauli yangu."

Akaitengeneza upya, akaiweka kwenye mashine, kisha akanipa waya. "Haya, wewe wa mara mbili. Leo umepata kazi yako."

Nikachomoa na kuchomeka. Nilifanya hivyo Ijumaa yote nikihudumia wateja kwa mkono mmoja. Jumamosi nikafanya tena. Kila nilipopuliza, namba ilishuka hadi kumi na saba, ikasita, ikaanza kupanda taratibu, kama mtu anayevuta pumzi baada ya kulia. Jumapili nilitoka kanisani Turwa nikapitia dukani na suti yangu, nikachomoa, nikachomeka, nikapuliza. Ikashuka. Ikapanda.

Mchana huo binamu alikuwa ameshayatuma mabadiliko kwa wale wanaotunza mfumo, na jibu lilimkuta kwenye kituo cha basi Sirari. Akanipigia kunisomea. Mtu asiyemjua, wa nchi asiyoijua, amesema asante, ni sahihi, lakini aandike wazi kwa nini ule wa sita ulikuwa wa hatari, ili atakayekuja asiurudishe kwa kudhani umesahaulika. Hakuna aliyemlipa mtu huyo kutufikiria. Hajui kama duniani kuna duara la shemeji yangu.

Jumatatu tulifika kilimani mapema, mashine nimeifunga ndani ya kitenge kifuani, mwendesha pikipiki akinilaumu kwamba namwambia apunguze mwendo kila anapopunguza. Wenzake shemeji walikuwa wameshakaa mdomoni mwa duara. Dada alikuwa na mwiko mkononi.

"Imepona?"

"Imepona."

"Nani kasema?"

"Mimi. Na binamu."

"Mtazame usoni mume wangu umwambie imepona."

Nikamtazama. Nikamwambia imepona, nikasema tena.

Tukateremsha kihisi kwanza. Ishirini nukta nane. Waya ukaenda, ishirini nukta tano. Ukaenda zaidi, namba ikaanza kupungua polepole, na karibu na chini, vijana wa kamba wakisogeza ndoo kuupisha njia, ndoo ikaugonga waya na ukachomoka mezani kama ilivyokuwa desturi yake. Kioo kikabaki na mstari mtupu.

Nikaifuta ncha ya waya vumbi. Nikachomeka. Shemeji alikuwa ameshavaa taa kichwani na mguu mmoja uko kwenye kitanzi cha kamba, akingoja neno langu tu.

Namba ikaja. Kumi na sita nukta tisa.

"Imeganda tena hiyo," mwenzake mmoja akasema. "Mashine ya Nkende hiyo."

"Ngoja."

Kumi na saba. Kumi na sita nukta nane. Kumi na sita nukta tisa. Ilikuwa inatikisika, kidogo tu, kwenye tarakimu ya mwisho, kama kope. Haikuganda. Ilikuwa hai na ilikuwa inatuambia ukweli: siku zile ambazo duara lilikaa limefunikwa, hewa ya chini ilikuwa imekufa.

Dada aliweka mwiko chini, akamshika mume wake ukosi wa shati, akamtoa kwenye kitanzi kama unavyomtoa mtoto kwenye dimbwi. Hakumtukana, na ndipo nilipojua jinsi alivyoogopa.

"Ningeshuka," shemeji akasema, akiwa ameketi udongoni. "Jumatatu na mashine au bila mashine. Nilisema."

"Ulisema," dada akamjibu. "Nyamaza sasa, unamaliza hewa ya juu."

Wakaleta feni ya kusukuma hewa na bomba lake la plastiki, wakaliteremsha, wakawasha jenereta mbali na mdomo. Tukangoja. Namba ikapanda kwa uchoyo, nukta moja moja, na sisi tumeizunguka meza kama watu wanaosikiliza mpira redioni. Ilipofika ishirini nukta sita mwenzake akasema inatosha. Nikasema tungoje. Ikakaa. Ikapanda nukta moja. Dada akaniangalia, nikaitikia kwa kichwa, akaachia shati.

Shemeji akashuka. Kihisi tulimfungia begani safari hii, waya ukiteremka pamoja naye. Taa yake ikawa nukta, halafu ikapotea kwenye kona, na hatukusikia tena ila nyundo, mbali, kama mtu anayebisha hodi chini ya nchi.

Mimi na dada tukakaa mbele ya kioo. Ishirini nukta saba. Ishirini nukta sita. Ishirini nukta saba. Nikafikiri feni inakatika, nikageuka kuitazama. Ilikuwa sawa. Namba ikashuka tena nukta moja, ikapanda, ikashuka.

"Inafanya nini hiyo?" dada akauliza.

Kihisi kilikuwa begani, karibu na mdomo wa shemeji. Nikamwonyesha kwa kidole: hapa ametoa pumzi, hapa ameivuta.

Akavuta kiti karibu. Maharage yakaungua jikoni, tukayasikia harufu wote wawili, na hakuna aliyeinuka.